Nani Amsemee Shujaa?

Katika gemu za kifantasia, zile za majoka, mapanga na wachawi, kuna swali ambalo watengenezaji na wachezaji wamelibishania kwa miaka mingi: je, shujaa anayeongozwa na mchezaji asikike akiongea, au abaki kimya na mchezaji aamue mwenyewe sauti yake ikoje? Wengi huliona ni suala la ufundi tu, la bajeti na vinasa sauti. Kwangu halijawahi kuwa hivyo. Nililikuta nikiwa bado binti wa shule, katika sebule ya bibi yangu mjini Tanga, na kila nilipoligusa tena limenifunza jambo kuhusu maana ya kuamua, na maana ya kusemewa.

Kompyuta yetu ilikuwa ya mezani, ya mtumba, ambayo binamu yetu alikuja nayo kutoka Dar es Salaam alipohamia kwetu. Iliwekwa juu ya meza ya chakula, feni ikielekezwa kwenye mashine badala ya watu, maana isipopozwa ilijizima yenyewe. Ndani yake mlikuwa na Dragon Age: Origins, gemu iliyotolewa mwaka 2009 na BioWare, studio ya mjini Edmonton, Canada. Ilitufikia ikiwa imeshazeeka kwingine, lakini kwetu ilikuwa mpya, na ilivyokuwa ikila yuniti za LUKU, bibi alilazimika kutupangia muda: baada ya sala ya isha hadi yeye atakapochoka.

Gemu za aina hii huitwa RPG, na msingi wake ni kuvaa uhusika. Huangalii tu maisha ya mtu mwingine. Unaingia ndani yake na kumwamulia. Origins inakupa asili sita za kuchagua. Unaweza kuzaliwa mtoto wa kabaila ambaye nyumba yao inasalitiwa usiku mmoja. Mchawi aliyelelewa mnarani chini ya macho ya askari wa kanisa. Mwelvi wa msituni, wa ukoo wa wahamaji. Kibete wa nyumba ya kifalme. Kibete wa tabaka la chini kabisa, aliyetiwa alama usoni ili kila amwonaye ajue kwamba hana ukoo. Au Mwelvi wa mjini, mkazi wa mtaa uliozungushiwa ukuta, ambaye siku ya harusi yake mtoto wa bwana mkubwa anavamia na kuwachukua wanawake kwa nguvu. Kila asili ina mwanzo wake, ndugu zake na machungu yake, na dunia ya gemu haiisahau. Mwelvi huambiwa barabarani maneno ambayo mtoto wa kabaila hawezi kuambiwa.

Sisi tulimchagua Mwelvi wa mjini. Wadogo zangu wawili walisema ndiye mwenye sababu ya kupigana.

Jambo la kwanza lililotushangaza ni kwamba steringi wetu hakuwa anasema. Wenzake wote walisema. Alistair alisema kwa sauti ya Steve Valentine, utani mwingi juu, majonzi chini. Morrigan alisema kwa sauti ya Claudia Black, kila neno likitoka kama limeshapimwa. Zamu ya steringi ilipofika, kamera ilitulia usoni mwake, mdomo umefumba, na chini ya kioo ikatokea orodha ya sentensi: nne, tano, wakati mwingine sita. Ukichagua moja, mwenzake anajibu kana kwamba ameisikia. Kimya kile kiliacha nafasi, na sebuleni kwetu mimi ndiye niliyeijaza.

Nilikuwa ndiye mwenye Kiingereza cha kutosha. Kwa hiyo nilikaa karibu na kioo nikisoma kwa Kiswahili, kwa sauti, alichosema kila mmoja, kisha nikasoma machaguo. Waliokulia Tanzania wanamkumbuka Lufufu, aliyezisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili na kuzipa uhai mwingine kabisa. Wakenya wana DJ Afro. Nimelelewa na sauti za namna hiyo, na kazi yenyewe niliijua kwa kuisikia. Lakini Lufufu alisimulia jambo ambalo filamu ilikwisha kuliamua. Mimi nilipofika kwa steringi ilinibidi ningoje sebule nzima iamue ndipo nifungue mdomo.

"Mwambie atupishe," mdogo wangu mkubwa alikuwa akisema.

"Hapana, dada, usimwambie hivyo. Atatunyima njia," mwenzake akapinga.

Na hata tulipokubaliana sentensi, bado tulikuwa hatujakubaliana isemweje. Mwelvi wetu alipokutana na Valendrian, mzee wa mtaa wao, maandishi yalikuwa ya kawaida tu. Mimi niliyatanguliza na shikamoo, kwa sababu binti yule, kwa jinsi tulivyokwisha kumjua, asingemwendea mzee wake mikono mitupu. Alipopaswa kumjibu bwana mkubwa kwa sentensi fupi ya utii, niliisoma kwa ubaridi, kama mtu anayesubiri siku yake ifike. Mdogo wangu alipoisoma sentensi ileile ikawa ya mtu mwenye hofu. Binamu yetu akaisoma kwa kejeli. Maandishi hayakubadilika hata herufi moja, lakini walitoka humo watu watatu.

Hilo ndilo somo la kwanza nililolipata, ingawa wakati ule nisingeweza kulieleza. Uamuzi katika mazungumzo una sehemu mbili: unasema nini, na unakisema ukiwa nani. Gemu inaweza kukuorodheshea sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili, shujaa akiwa kimya, inabaki mikononi mwako, na ndiyo inayomfanya awe wako.

Usiku nisiousahau ni ule tulioingia ngome ya Redcliffe. Mtawala wa pale, Arl Eamon, yu mahututi. Mwanawe mdogo, Connor, amefanya makubaliano na pepo ili baba yake asife, na pepo huyo sasa amemtawala. Kila usiku maiti huinuka na kushuka kijijini kuua watu. Mama wa mtoto, Isolde, alificha kwamba mwanawe ana kipaji cha uchawi, akamtafutia mwalimu wa siri ili asichukuliwe kupelekwa mnarani. Basi tukawekewa mambo mezani. Ama mtoto auawe, yaishe. Ama Isolde aitoe damu yake, afe, ili mchawi mmoja apate nguvu ya kuvuka upande wa pili na kumwangamiza pepo huko huko.

Sebule ikagawanyika. Binamu yetu akasema mtoto auawe, kijiji kizima hakiwezi kuteketea kwa ajili ya mmoja. Mdogo wangu akasema mama ajitoe, maana mama yeyote angejitoa. Mimi nilikuwa katikati yao nikisoma, bado sijasema langu. Bibi alikuwa mkekani akisuka ukili, na sote tulidhani yuko kwenye mambo yake.

"Huyo mtoto amepandwa na pepo?" akauliza.

"Ndiyo, bibi."

"Na nyinyi mnataka kumuua?"

Hakuna aliyejibu.

"Pepo hupungwa, wajukuu zangu. Mtoto hauawi. Kwani nchi yao haina fundi?"

Nikairudia orodha kwa macho mapya. Sentensi ya kuuliza njia nyingine ilikuwapo, na nyuma yake kulikuwa na safari nzima: kwenda kwenye mnara wa wachawi ulioko ziwa Calenhad, na kuwaomba waje kumtoa pepo bila mtu yeyote kufa. Mnara wenyewe ulikuwa umevamiwa na mapepo, ikabidi kwanza tuusafishe. Tulikwenda. Connor akapona, mama yake akabaki hai. Sentensi ile niliisoma kwa lafudhi ya bibi, na tangu usiku ule Mwelvi wetu akawa na kitu cha bibi ndani yake: hakuwa na haraka ya kuua. Kila tulipofika njia panda, mmoja wetu alikuwa akigeuza shingo kuangalia mkekani.

Bibi hakujua Kiingereza. Hakujua BioWare ni nini. Lakini alikuwa ameingia katika gemu ile kwa mlango uliokuwa wazi, nao ulikuwa wazi kwa sababu shujaa hakuwa na sauti ya mtu mwingine. Kama mwigizaji fulani angekuwa amekwisha kuirekodi sentensi ile huko ng'ambo, kwa hasira yake au kwa huruma yake, sisi tungekuwa watazamaji tu, na bibi angeendelea na ukili wake.

Baadaye mdogo wangu alianza safari yake mwenyewe, akavaa uhusika wa kibete asiye na ukoo. Alipofika Redcliffe akamwacha Isolde afe. Walipopiga kambi, Alistair, ambaye alilelewa katika nyumba ile, akamgeukia na kumfokea. Mdogo wangu akaacha kipanya. Alikaa hivyo kwa muda, kisha akatafuta katika orodha sentensi ya kujitetea, akaisoma mwenyewe kwa sauti, polepole, kwa Kiingereza chake cha shule. Hakuniomba nimsomee. Alijua ni yeye anayefokewa.

Mwaka 2011 BioWare walitoa Dragon Age II. Mimi niliicheza miaka kadhaa baadaye nikiwa Dar es Salaam, katika chumba cha kupanga Sinza, nimevaa hedifoni nisiwasumbue wapangaji wenzangu. Karibu kila nilichokipenda kilikuwa kimebadilika. Asili sita hazikuwapo tena. Shujaa ni binadamu, jina la ukoo wake ni Hawke, mkimbizi anayeingia mji wa Kirkwall pamoja na familia yake. Na anaongea: Nicholas Boulton ndiye sauti ya Hawke wa kiume, Jo Wyatt wa kike. Orodha ya sentensi kamili imeondolewa, mahali pake pamewekwa duara lenye vifungu vifupi vya maneno na alama ya kukuonyesha mwelekeo wa jibu: la upole, la utani au la ukali. Duara la namna hiyo BioWare walikuwa wameshalitumia katika Mass Effect ya mwaka 2007, hadithi ya anga za mbali; sasa walilileta kwenye majoka na mapanga.

Tatizo la duara ni kwamba kifungu si sentensi. Unachagua maneno matatu, Hawke anatoa usemi mzima, na ndani yake mna mambo usingeyasema. Mara nilichagua upole nikakuta upole ule una unyonge ambao sikuutaka. Baada ya muda niliacha kusoma maneno, nikawa naangalia alama tu. Nilikuwa nimeacha kuzungumza, nikawa namwelekeza mtu mwingine azungumze. Hiyo ni kazi ya mwongozaji wa filamu, nayo ni kazi nzuri, lakini si kuvaa uhusika.

Hata hivyo, haki yao wapewe. Watengenezaji wale waliweka ndani ya gemu jambo la busara sana. Majibu yako yanahesabiwa kimyakimya. Ukizoea utani, Hawke anakuwa mtu wa utani hata pale ambapo hukuulizwa chochote. Ukizoea ukali, hata salamu zake zinakuwa kali. Tabia inajengwa na mazoea, na ikishajengeka inakutangulia kusema kabla hujafikiri. Sijaona gemu iliyoonyesha ukweli huu kwa uwazi zaidi, na isingewezekana kuuonyesha hivyo bila shujaa mwenye sauti.

Kisha bibi akafariki. Mimi ndiye mjukuu wake mkubwa wa kike, na msibani nilikuwa mtu wa kupokea wageni, kugawa chai, kujibu pole za kila aliyeingia. Nilisema maneno yote yanayopaswa kusemwa, yangu sikusema hata moja. Nilirudi Dar baada ya arobaini. Usiku mmoja nikawasha kompyuta, nikaendelea na Dragon Age II pale nilipokuwa nimeishia.

Sikujua kilicho mbele. Leandra, mama yake Hawke, anapokea maua meupe kutoka kwa mwanamume asiyefahamika, kisha haonekani tena. Unafuata alama za damu hadi chini ya karakana kuukuu, na unamkuta katika hali ambayo hakuna dawa wala uchawi wa kumrudisha. Nilitafuta chaguo la kumwokoa. Halipo. Leandra anafia mikononi mwa mwanawe, na katika dakika zile Hawke ndiye anayeongea, sauti ya Jo Wyatt ikiwa imeshuka kuliko nilivyoizoea katika safari yote. Nilivua hedifoni nikalia, mara ya kwanza tangu maziko.

Nimejiuliza ingekuwaje kama shujaa angekuwa kimya. Ningewekewa orodha ya sentensi nne juu ya maiti ya mama, nisome, nilinganishe, nichague iliyo bora. Nani ana nguvu hizo? Katika misiba yetu yupo msemaji wa familia, kwa sababu wafiwa hawadaiwi maneno. Mtu mwingine husimama akasema kwa niaba yao, nao wakapumua. Jo Wyatt alinifanyia hivyo. Somo la pili nililipata hapo: kuna nyakati ambapo kusemewa si kunyang'anywa. Ni kubebwa.

Kwa hiyo mimi si miongoni mwa wanaosema sauti iliharibu RPG. Ninachosema ni kwamba sauti inataka mwenyewe, mtu mwenye historia, umri, kazi na makovu yake. Mfano ulio bora kwangu ni The Witcher 3, iliyotolewa mwaka 2015 na CD Projekt RED ya Poland. Shujaa wake, Geralt, hakuumbwa na mchezaji. Alikwisha kuwapo katika vitabu vya Andrzej Sapkowski kabla ya gemu kutengenezwa. Ni mwindaji wa mazimwi kwa malipo, amezeeka katika kazi hiyo, hapendi maneno mengi. Kwa Kipolandi sauti yake ni Jacek Rozenek, kwa Kiingereza ni Doug Cockle, mzito na mkavu kama mtu aliyelala njiani. Hakuna anayeuliza kwa nini anasikika. Angekuwa nani tena?

Na uamuzi haukupungua uzito kwa sababu hiyo. Katika nchi yenye vinamasi iitwayo Velen, Geralt anakuta roho iliyofungwa chini ya mti kilimani. Ukiifungulia, watoto yatima wanaoishi kinamasini wanaokoka, lakini mke wa mtawala aitwaye Bloody Baron anageuzwa kiumbe cha kutisha na kufa, na Baron mwenyewe anajinyonga. Ukiiua roho hiyo, mwanamke anabaki hai ingawa akili imemtoka, na mumewe anaondoka naye kutafuta mganga milimani; watoto wanapotea. Hakuna jibu safi. Mchezaji anaamua Geralt atende nini, lakini Geralt ni nani lilikwisha kuamuliwa, na mchezaji analijua hilo tangu mwanzo. Mapatano ni ya wazi, hakuna anayedanganywa.

Mapatano yanapokuwa si wazi ndipo moyo unapouma. Mwaka 2014 BioWare walitoa Dragon Age: Inquisition, wakarudisha uhuru wa kuchagua asili: binadamu, Mwelvi, kibete, au Qunari, jitu lenye pembe. Nilifurahi. Nikamuumba Mwelvi wa msituni, nikampa michoro ya uso ya ukoo wake, nikamfikiria akikulia kati ya miti na mikokoteni. Akafungua mdomo, nikasikia Kiingereza cha watu wa Uingereza. Kila jinsia ilikuwa na sauti mbili za kuchagua, moja ya Kimarekani na moja ya Kiingereza cha Uingereza, na hizo hizo ndizo zilizotumiwa na asili zote nne. Jitu la vita, kibete aliyetoka kwa wafanya magendo na binti wa msituni, wote koo moja. Waigizaji walifanya kazi safi. Lakini nilikuwa nimeahidiwa mtu wangu, nikapewa wa pamoja.

Bethesda, studio iliyotengeneza Skyrim mwaka 2011 ikiwa na shujaa asiyezungumza, ilijaribu njia hiyo mwaka 2015 katika Fallout 4, hadithi ya dunia baada ya vita vya nyuklia. Brian T. Delaney na Courtenay Taylor walirekodi kila mmoja mistari zaidi ya 13,000. Matokeo yake, karibu kila mazungumzo yalibanwa katika machaguo manne, na moja mara nyingi liliandikwa kwa neno moja tu la kukuambia kwamba hili ni la kejeli; kejeli gani, utaisikia ikishatoka. Mwaka 2023 studio hiyohiyo ilipotoa Starfield, shujaa alirudi kuwa kimya na sentensi zikarudi kuandikwa kamili.

Ni vizuri tuelewe kwa nini sauti hubana machaguo. Sentensi iliyoandikwa humgharimu mwandishi fikra na muda mfupi. Sentensi ya shujaa anayesikika inataka mwigizaji wa kiume na wa kike, studio, fundi sauti, kisha yote hayo tena kwa kila lugha ambayo gemu itauzwa ikiwa na sauti. Mwandishi akipata wazo bora mwezi mmoja kabla ya gemu kutoka, waigizaji waitwe upya, kama bado wana nafasi. Kwa hiyo hata kabla ya kuandika, mtu anaanza kujiuliza: hivi jibu la tano lina haja gani? Na kwa kawaida linalokatwa ni lile ambalo wachache wangelichagua, kama lile la kuuliza iwapo hakuna njia nyingine.

Wapo wanaosema akili mnemba itamaliza gharama hizo, mashine itoe sauti ya kila sentensi. Waigizaji wa sauti wa Marekani, kupitia chama chao cha SAG-AFTRA, waligomea kazi za gemu kuanzia Julai 2024 hadi mwaka uliofuata, na hoja yao kubwa ilikuwa kulindwa sauti zao zisinakiliwe na mashine. Niko upande wao. Kilichonibeba usiku ule Sinza kilikuwa pumzi ya mtu. Na hata mashine ingekuwa na pumzi, isingejibu swali langu, kwa maana kumjazia mchezaji mdomo kwa bei nafuu ni kumjazia vilevile.

Jibu nililoliona kuwa la busara kuliko yote lilitoka Ghent, Ubelgiji, kwa studio ya Larian. Katika Baldur's Gate 3, ya mwaka 2023, kila anayekutana nawe ana sauti, na msimulizi, Amelia Tyler, anakunong'oneza yanayopita moyoni mwako. Shujaa wako mwenyewe hasikiki katika mazungumzo. Uso wake unashtuka, unakunja, unatabasamu, lakini maneno yamo katika orodha, kamili, na mengine hutokea tu kwa sababu wewe ni wa asili fulani au wa kazi fulani. Gemu hiyo pia inakuruhusu kuvaa uhusika wa mmoja wa wenzako, kwa mfano Astarion, mnyonya damu ambaye uigizaji wake ulimpa Neil Newbon tuzo ya uigizaji bora katika The Game Awards za 2023. Lakini ukimvaa Astarion, sauti ya Newbon inaondoka kwenye mazungumzo yake. Wengine waliona ni hasara. Mimi niliona ni uaminifu: ukimtaka Newbon, kaa kando umsikilize, ukitaka kuwa Astarion, sema mwenyewe.

Ninayaandika haya nikiwafikiria vijana wetu walioko Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Mombasa, wanaotengeneza gemu usiku baada ya kazi za mchana. Afrika imeshaonyesha kwamba inawezekana: mwaka 2016 Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, ilitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan, gemu ya kifantasia kuhusu mwana wa mfalme aitwaye Enzo na mkewe Erine, waliopinduliwa siku ya kutawazwa. Enzo ni mtu kamili, mwenye nchi na ndoa yake. Mkitaka kusimulia maisha ya mtu kama huyo, mtafuteni mwigizaji mzuri, mlipeni vizuri, na mpeni sauti bila woga.

Lakini mkitaka kumwambia mchezaji, "Njoo uzaliwe unavyotaka," basi msikopi makosa ya studio tajiri. Fedha za sauti zipelekeni kwa wanaomzunguka shujaa: mama yake, adui yake, mwenzake wa safari, nahodha wa jahazi. Shujaa mwandikieni sentensi kamili, za Kiswahili kilichoiva, ili anayechagua ajue hasa anachokwenda kusema. Mwandikieni sentensi nyingi. Na msilikate lile jibu ambalo mnadhani hakuna atakayelichagua, kwa kuwa hamjui nani amekaa mkekani nyuma ya mchezaji, akisikiliza. Shujaa mliyemuumba ninyi, msemeeni. Shujaa aliyeumbwa na mchezaji, mwachieni mchezaji amsemee.